Chakula Kikishapita Kooni: Niliyoyaona Nikimuuguza Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni dereva wa bajaji, anapaki Tandika, na utumbo mwembamba aliobaki nao una urefu wa mita 2.5. Mtu mzima huwa na kati ya mita 3 na 8, na vitabu vingi hutaja 6. Kipande kilichoondolewa kwake ni cha mwisho, kile kinachokutana na utumbo mpana. Kilijisokota usiku, damu ikashindwa kupita, na madaktari walipofungua tumbo wakakuta kimeshakuwa cheusi. Hakikuwa cha kuokolewa.

Mimi ni dada yake mkubwa na ni mwalimu wa shule ya msingi. Mmeng'enyo wa chakula nimeufundisha kwa miaka: kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na mshale unaoshuka kutoka juu hadi chini. Watoto wanauchora vizuri na wanapata alama zao. Nilichokuja kukielewa nikimuuguza ni kwamba mshale ule unaonyesha njia ya mabaki. Chakula chenyewe hakifiki chini. Kinaishia njiani, kinapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu, na kila sehemu ya ukuta ule ina vitu vyake inavyovipokea. Ukiondoa kipande, vitu vya kipande hicho vinakosa pa kupitia, hata mgonjwa ale nini.

Madaktari hawakuuunganisha utumbo siku ile ile. Tumbo lilikuwa na maambukizi, na mshono wa utumbo hauponi vizuri katika mwili uliozidiwa. Waliutoa mwisho wa utumbo uliobaki nje, kwenye ukuta wa tumbo, wakaweka mfuko. Kwa miezi kadhaa kila alichokula kilitokea pale. Sista wa wodini, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinifundisha kuumwaga mfuko, kupima kilichotoka kwa jagi lenye alama, kuandika kwenye daftari, kusafisha ngozi, na kukata mfuko mpya uendane na tundu. "Mwalimu," aliniambia, "hili daftari ndiyo dawa yake ya kwanza. Usiliache hata siku moja."

Najua wapo watakaoona kinyaa kusoma habari za mfuko. Naomba wavumilie, kwa sababu pale ndipo niliposoma somo langu upya. Wali laini haukuonekana tena ulipofika mfukoni. Samaki aliyetafunwa vizuri hakuonekana. Punje za mahindi, maganda ya maharage, ngozi ya nyanya na nyuzi za mchicha vilitoka vilevile vilivyoingia. Wanga wa wali unaanza kukatwa mdomoni na kimeng'enya cha mate kiitwacho amilesi, na kazi inamaliziwa chini na amilesi ya kongosho pamoja na vimeng'enya vya ukuta wa utumbo wenyewe. Protini ya samaki inaanzwa na pepsini tumboni, ndani ya asidi kali ambayo pH yake inaweza kushuka hadi 1.5. Lakini ganda la hindi limejengwa kwa selulosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Mwenye utumbo mzima hata halifikirii, linapita tu. Kwake bonge la maganda lingeweza kuziba tundu, kwa hiyo kande zilisimama, na kutafuna kukawa kazi yenye uzito wa kumeza dawa. Nilikaa naye mezani hadi tonge liwe laini kabisa.

Baadaye nilisoma kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tumbo ilianza kwa namna hiyohiyo, kupitia tundu. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari aliyemtibu, William Beaumont, alikuwa akifunga vipande vya nyama na mboga kwenye uzi wa hariri, anavitumbukiza, kisha anavivuta baada ya muda aone vimefikia wapi. Alichapisha matokeo mwaka 1833, na ndiye aliyewathibitishia wenzake kwamba maji ya tumbo yanayeyusha chakula kwa kemia, si kwa kusaga tu. Namheshimu St. Martin kuliko daktari. Yeye ndiye aliyekaa na uzi tumboni.

Jambo la kwanza lililonishtua ni muda. Kwa kawaida chakula kinakaa tumboni saa 2 hadi 4, kisha saa nyingine 3 hadi 5 kwenye utumbo mwembamba. Uji aliokunywa mdogo wangu saa moja asubuhi ulikuwa unaanza kuonekana mfukoni hata saa mbili haijatimia. Daktari alieleza kwamba kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, ileamu, kina kazi ambayo haionekani kwenye mchoro wowote: kikihisi mafuta yamefika kwake bila kunyonywa, kinatoa homoni zinazoliambia tumbo lipunguze mwendo. Ni breki ya mfumo mzima. Kwake breki ilikuwa imekatwa. Tena miezi ya mwanzo baada ya upasuaji wa aina hii tumbo hutoa asidi kupita kiasi, na asidi hiyo ikimwagika chini inaharibu kazi ya vimeng'enya vya kongosho, ambavyo vinataka mazingira yasiyo na asidi. Ndiyo maana alipewa omeprazoli ya kupunguza asidi, na loperamidi ya kupunguza mwendo wa utumbo, nusu saa kabla ya kula. Majirani walidhani ni dawa za vidonda vya tumbo.

La pili ni ngozi. Mfuko ukivuja kidogo tu, ngozi inayozunguka tundu ilikuwa nyekundu ndani ya saa chache, na ukichelewa inachubuka na kutoa damu. Kile kilichokuwa kinatoka kilikuwa bado na vimeng'enya vya kongosho vilivyo hai kabisa, na kimeng'enya cha kukata protini hakibagui protini ya samaki na ya mtu. Ndani ya mwili kuta zinalindwa na ute mzito. Ngozi ya nje haina ulinzi huo. Nilinunua krimu yenye zinki famasi, na nilijifunza kukausha kabisa kabla ya kubandika. Joto la Februari hapa Dar, jasho linateremka, feni imezimika kwa sababu umeme umekatika, gundi haishiki: hizo zilikuwa siku ngumu kuliko zote, na nililia nje ili asinione.

Sasa nifike kwenye maji, maana hapa ndipo nataka kila anayesoma atulie.

Mgonjwa yule alikuwa na kiu isiyoisha. Midomo ilikauka, akisimama anaona kizunguzungu, usiku misuli ya miguu inakaza hadi anapiga kelele. Mtu yeyote mwenye huruma angempa maji, na watu wenye huruma kwetu hawakukosekana. Lakini daftari lilionyesha kitu cha ajabu: siku aliyokunywa maji mengi zaidi ndiyo siku mfuko ulijaa zaidi na mkojo ukapungua zaidi. Sista aliangalia kurasa zile akaniambia tusimpe maji matupu kupita nusu lita kwa siku, na kiu iliyobaki ikatwe kwa ORS, yale maji ya chumvi na sukari yanayochanganywa kutoka kwenye pakiti.

Sababu yake ni hii. Kila siku utumbo mwembamba wa mtu unapokea maji yapatayo lita 9. Lita 2 hivi ndizo tulizokunywa. Lita 7 zinazobaki zinatoka ndani yetu: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote yanarudishwa kwenye damu, na kinachotoka chooni ni kama mililita 100 au 200. Maji hayo hayarudi kwa kujivuta yenyewe. Yanafuata chumvi. Chembechembe za ukuta wa utumbo zina milango inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na zikishapita, maji yanafuata nyuma yake. Sodiamu peke yake inapita kwa shida, na glukosi peke yake vilevile, ila zikija pamoja mlango unafunguka. Mwanabiokemia Robert Crane ndiye aliyeueleza mpango huu mwaka 1960 kwenye mkutano wa Prague, na pakiti ya ORS tunayoinunua famasi imejengwa juu yake. Mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza tangu 2002 una sodiamu na glukosi kwa idadi sawa ya chembe, ndiyo maana haufanani na ladha ya juisi wala haupaswi kufanana nayo.

Ukuta wa sehemu ya juu ya utumbo, ambayo ndiyo aliyobaki nayo mdogo wangu, unavuja pande zote mbili. Ukimwaga maji matupu pale, chumvi inatoka kwenye damu kuyafuata hadi yalingane, na kama hakuna utumbo wa chini wa kuirudisha, maji yanaondoka na chumvi ya mwili. Kinachotoka kwenye mfuko wa juu namna ile kinaweza kubeba chumvi inayokaribia gramu 6 kwa kila lita. Kwa hiyo mgonjwa anakunywa na anazidi kukauka. Ile misuli kukaza usiku ilikuwa chumvi iliyokwenda mfukoni.

Hapa mtaani watu wanaijua ORS tangu kipindupindu cha 2015, kilichoanzia Dar es Salaam mwezi wa nane na kusambaa nchi nzima. Lakini wanaijua kama dawa ya kuharisha, si kinywaji cha mtu mwenye mfuko. Waliokuja kumwona walileta madafu. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo sana, hayazibi pengo lile. Wengine walileta juisi ya miwa na soda. Sukari nyingi namna ile inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na mfuko unajaa kabla mgeni hajaaga. Nilikuwa nawapokea kwa mikono miwili, nashukuru, na madafu tunakunywa sisi. Kwake nilimimina ORS kwenye chupa nikaweka kwenye friji, maana ikiwa baridi inanyweka, na akawa anakunywa kidogo kidogo kutwa nzima badala ya glasi nzima kwa mkupuo. Chakula chake nilikitia chumvi ya ziada. Mama yetu ana presha, yeye chumvi imepunguzwa, kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na sufuria mbili za mboga, na nilikuwa mkali sana mtu asizichanganye.

Wiki ile mkojo ulirudi kuwa wa rangi ya kawaida. Misuli ikaacha kukaza. Alilala usiku kucha, nami nikalala.

Alipopata nguvu, alirudishwa chumba cha upasuaji, utumbo mwembamba ukaunganishwa na mpana na tundu likafungwa. Wote nyumbani tulidhani hadithi imeisha. Shangazi alipika pilau. Ukweli ni kwamba tulihama somo moja tukaingia jingine, kwa sababu sasa maji yalikuwa yanapata pa kurudishwa, utumbo mpana una urefu wa mita 1.5 na ni hodari kwa kazi hiyo, lakini nyongo ilikuwa haina pa kurudi.

Nyongo inatengenezwa na ini, inahifadhiwa kwenye kifuko chake, na tukila chakula chenye mafuta inamwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kazi yake ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo sana ili kimeng'enya cha lipesi kiyafikie, kisha kuyabeba hadi ukutani. Mwili hautengenezi nyongo mpya kwa kila mlo. Asilimia 95 hivi ya chumvi za nyongo inarudishwa kwenye damu kutoka kwenye kile kipande cha mwisho cha ileamu, inakwenda kwenye ini, inamwagwa tena, na mzunguko huo unarudiwa mara kadhaa kwa siku moja. Hakuna kipande kingine kinachoweza kuirudisha kwa kiwango hicho. Kikikatwa zaidi ya mita 1, ini linajitahidi kutengeneza nyingine lakini halifikii. Nyongo isiyorudi inaingia utumbo mpana na kuuchoma, na mtu anaharisha maji. Na kwa kuwa nyongo inapungua, mafuta nayo yanapita bila kunyonywa. Choo kinakuwa cheupe, kinang'aa, kinaelea, kina harufu kali na hakikubali kusukumwa na maji. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu mtu akiona aibu kuyasema kwa daktari, daktari hatajua.

Mdogo wangu ni mtu wa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kumpunguzia tui lilikuwa jambo zito kuliko kumnyima pesa. Mtaalamu wa lishe wa kliniki hakumkataza mafuta kabisa, kwa kuwa anahitaji nguvu, ila aliyagawa kidogo kidogo katika milo midogo sita na kujaza nafasi kwa wanga: wali, viazi, ndizi, mkate. Nilidhani wanga usiomeng'enywa utapotea chooni. Kumbe bakteria wa utumbo mpana wanauchachusha na kutoa asidi fupi za mafuta ambazo ukuta wa utumbo mpana unazinyonya, na mtu aliyepoteza utumbo mwembamba anaweza kupata sehemu nzuri ya nguvu zake kwa njia hiyo. Gesi inaongezeka, ndiyo. Alikubali gesi.

Pamoja na mafuta huondoka vitamini A, D, E na K, kwa sababu hizo husafiri ndani ya mafuta. Kliniki walimuuliza kama anaona vizuri gizani, swali ambalo kwa dereva wa bajaji si la mzaha, na kama fizi zinatoka damu. Alipewa vidonge vya kuziba pengo. Ya D ndiyo iliyokuwa na unafuu kidogo, jua la Tandika linasaidia.

Kisha likaja la mchicha, ambalo hadi leo watu hawaniamini. Mgonjwa aliyepungua damu, kila mtu anamwambia ale mchicha, na mchicha wetu unapikwa kwa karanga na nazi, unasindikizwa na chai ya rangi baada ya mlo. Mchicha, karanga na chai vyote vina oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, kwa wingi. Kwa mtu mwenye utumbo mzima, kalsiamu ya chakula inaishika oksaleti ile ndani ya utumbo na zote zinatoka nje. Kwa mdogo wangu kalsiamu ilikuwa inashikwa kwanza na mafuta yasiyonyonywa, oksaleti inabaki huru, utumbo mpana unainyonya, inapelekwa kwenye figo na kule inakutana na kalsiamu na kujenga mawe. Kwa hiyo mboga bora ya nyumba nzima ikawa si bora kwake. Tulihamia kabichi na chainizi. Mchicha akiula unakuwa kidogo, umechemshwa na maji yake yamemwagwa, na unaliwa pamoja na maziwa mgando au dagaa walio na mifupa yao, ili kalsiamu iwepo mezani. Tena katika kundi hili la wagonjwa, wanaohitaji kupunguza oksaleti ni wale waliounganishwa na utumbo mpana. Alipokuwa na mfuko hofu hiyo haikuwepo. Mtu yuleyule, chakula kilekile, miezi michache tu katikati.

Shangazi yetu anakaa Mkuranga. Kila alipokuja alileta maini. "Mtoto hana damu, mwanangu. Maini ndiyo yanayorudisha damu," aliniambia, na mimi sikumjibu kitu, maana si mtu wa kubishana naye na tena alikuwa na haki kwa upande mmoja. Madini ya chuma yananyonywa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, kwenye duodenamu, na sehemu hiyo anayo yote. Chuma cha maini kinaingia kwa urahisi kuliko cha maharage. Foliki asidi nayo inaingia sehemu za juu. Lakini kwenye maini hayohayo kuna vitamini B12, na hiyo ina njia ndefu kuliko kirutubisho kingine ninachokijua. Tumboni inaachanishwa na chakula, ikifika utumbo mwembamba inashikana na protini maalumu iliyotengenezwa na ukuta wa tumbo, na zinashuka pamoja mita zote zile bila kupokelewa popote, hadi ileamu ya mwisho, ambako ndiko kuna vipokeo vyake. Kwake vipokeo havipo. Shangazi angeweza kuleta maini ya ng'ombe mzima kila Jumapili, chuma kingeingia na B12 ingepita.

Hatari yake ni kwamba haionekani mapema. Ini linaweka akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anatoka hospitali anajisikia vizuri, anaacha kliniki, na baada ya muda mrefu miguu inaanza kufa ganzi, mwendo unayumba, kumbukumbu inapungua, damu inashuka. Hapo hakuna anayekumbuka upasuaji wa zamani. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu si yote inayopona. Mdogo wangu anachoma sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu na ataendelea maisha yake yote. Shangazi nilimweleza taratibu, tukiwa wawili jikoni. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo chuma kinaingia?" Nikamwambia kinaingia, shangazi. Maini bado anayaleta, na mimi nayapika kwa ndimu na kitunguu, mafuta kidogo.

Kuna jambo moja lililonipa tumaini kuliko dawa yoyote. Mtu yeyote aliyewahi kuosha utumbo wa ng'ombe anaijua ile sehemu yenye manyoya, ambayo wengi wanaiita taulo. Utumbo mwembamba wetu una vijinyuzi kama vile, vinaitwa vili, ila ni vidogo sana, havifiki hata milimita 1, na juu ya kila chembechembe ya kila kimoja kuna vingine vidogo zaidi ambavyo havionekani bila hadubini. Mikunjo yote hiyo ni kwa ajili ya kupata eneo la kunyonyea. Vitabu vya zamani vinasema eneo lote likitandazwa linajaza uwanja wa tenisi. Watafiti wawili wa Uswidi, Helander na Fändriks, walipima upya mwaka 2014 wakapata mita za mraba 32 hivi kwa njia yote ya chakula, na nyingi kati ya hizo ni za utumbo mwembamba. Bado ni eneo kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili ya Tandika.

Ukuta huo haukai na chembechembe zilezile. Unajivua na kujivika upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Na utumbo ukipunguzwa, uliobaki unaanza kujirekebisha: vili vinarefuka, mikunjo inaongezeka, bomba lenyewe linapanuka, mwendo wa chakula unapungua. Kazi hiyo inaendelea kwa mwaka 1 hadi 2. Kinachoichochea ni chakula chenyewe kugusa ukuta. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa tu, ukuta wake unasinyaa. Daktari aliponieleza hivyo nilibadilika kabisa katika upishi wangu. Kabla ya hapo nilikuwa napika ili ashibe na anenepe. Tangu siku ile kila bakuli la uji niliona linaujenga utumbo, na siku alizogoma kula nilikuwa na neno la kumwambia ambalo si bembelezo. Nilimwambia utumbo wako unakua kwa tonge hili. Alikula.

Leo amerudi barabarani. Anakwenda chooni mara tatu au nne kwa siku, anajua choo cha kila stendi kutoka Tandika hadi Mbagala, na anabeba chupa ya ORS siku za joto kali. Uzito umerudi kwa sehemu kubwa. Kliniki wanaangalia B12, vitamini D, magnesiamu na figo, na wametuonya kuhusu mawe ya kifuko cha nyongo, ambayo huwapata watu waliopoteza ileamu.

Kama una mtu wako anayefanyiwa upasuaji wa utumbo, muulize daktari maswali manne kabla hamjaondoka wodini, na umwombe aandike majibu: umebaki urefu gani, ni wa sehemu gani, ile sehemu ya mwisho ya ileamu ipo au haipo, na utumbo mpana umeunganishwa au la. Urefu ulioondolewa hausaidii sana, kwa kuwa hakuna anayejua alikuwa na mita ngapi mwanzoni. Kwa majibu hayo manne mtaalamu wa lishe yeyote anaweza kujua ampe maji gani, mafuta kiasi gani, na sindano gani isikose. Karatasi ya mdogo wangu tumeitoa nakala tatu. Moja iko kabatini kwa mama, moja ninayo mimi, na moja ameiweka kwenye plastiki pamoja na leseni na bima, ndani ya bajaji.